Mbu Mia Nne na Kumi na Mbili

Kifafa!

Katika gazeti la Jumamosi iliyopita tulimwacha Nassibu kwenye ngazi za ofisi ya wanafunzi, hatua chache kutoka Posta, neno hilo limemng'ang'ania machoni. Aliisoma barua mara ya kwanza akadhani si yake. Mara ya pili akaliona jina lake. Mara ya tatu akagundua kuwa kifafa hakikuja peke yake, kimekuja na mwenzake: wizi.

"Imethibitika nyumbani kwa mwombaji," ilisema barua, kwa Kiingereza cha mashine ya chapa, "kwamba anaugua kifafa na ana sifa ya wizi. Safari yake ya Uingereza imesimamishwa."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ndege ni Jumatatu.

Wewe uliyechelewa, sogea nikunong'oneze haraka. Nassibu ni mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kampala, mtoto wa Bi Kuruthumu wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Profesa wake amemtafutia nafasi ya kwenda Uingereza majira yao ya joto, miezi mitatu, akafanye utafiti wa mbu katika maabara ambayo hata Wazungu wenyewe huiombea. Sharti lilikuwa moja: "Njoo na mbu wa kwenu. Bila mbu usijisumbue."

Basi likizo mbili nzima Nassibu amekaa bonde la Jangwani suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu yake ndiyo chambo. Na mbu wa Jangwani mwaka huo wa hamsini na sita hawakuwa mbu wa mchezo. Mmoja alimfuata tarishi mwenye baiskeli kutoka bondeni mpaka Ilala, akapumzika kidogo juu ya kengele, kisha akaendelea na kazi yake. Aliyekuwa akishika kandili na kumsaidia kuwanasa kwa kijichupa ni Sitara, dada yake. Ndiye pia aliyeandika vikaratasi vyao: mahali, tarehe, saa. Mbu mia nne na kumi na mbili, kila mmoja na pini yake, wamelala ndani ya bati la biskuti lenye harufu ya kafuri.

Haya, turudi kwenye ngazi.

Nassibu hakushuka. Alirudi juu, ngazi mbili mbili.

Kwenye meza ya mlangoni alikaa Fikirini, mkalimani wa ofisi, tai shingoni, nywele zimechongwa njia kwa wembe. Ndiye huyu huyu aliyeleta posa ya Sitara mwezi uliopita. Baba yao alipofariki, uwalii wa Sitara, yaani haki ya kumwoza, ulibaki kwa Nassibu, na Nassibu aliikataa posa ile mbele ya watu. "Mkeo Sabaha amerudi kwao Ilala sikio moja halisikii kwa kofi lako," alimwambia. "Dada yangu si ngoma."

"Shemeji!" Fikirini akatabasamu.

"Usiniite shemeji. Namtaka Memsahibu."

"Mlango huo hapo. Piga hodi, usije ukaambiwa umeingia kuiba."

Memsahibu, mkuu wa ofisi, alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimpa kiti. Nassibu hakukaa.

"Nani amesema nina kifafa?"

Mama akafungua faili. "Mzee aliyekuwa barazani kwenu Jumatatu, tulipokuja kuulizia habari zako. Wewe hukuwapo. Tulimwuliza kama anakufahamu." Akavaa miwani, akasoma. "'Namfahamu sana. Huyo ni mtumwa wangu, baba yake nilimnunua kwa kikapu cha chumvi. Ni mwizi, akipita sokoni watu huficha hata mawe ya mizani. Tena ana kifafa. Akimwona Mnyamwezi tu, chini, povu linamtoka.'"

Nassibu akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, moyo umemtua kabisa.

"Mzee Eliasi! Memsahibu, yule ni mpangaji wetu, tena ni mtani wangu! Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Tangu enzi za misafara ya pembe sisi na wao tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, hata msibani. Hakasiriki mtu. Siku akinisifu ndipo nitajua nakaribia kufa."

"Kwa hiyo alidanganya."

"Hakudanganya. Alitania."

"Alimtania ofisa wa serikali?"

"Alinitania mimi."

"Lakini hukuwapo."

Kiingereza cha Nassibu kilikuwa kizuri kuliko suruali yake, lakini hakikuwa na neno la utani. "Daktari amenipima," akasema. "Cheti kimo humo humo."

"Kifafa hakingoji siku ya daktari, kijana." Mama akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Bwana Fikirini! Njoo. Wewe ni mtu wa hapa hapa pwani. Ipo desturi kama hiyo anayoisema?"

Wasomaji, Fikirini ni Mzaramo kama Nassibu. Bibi yake alipozikwa Kisarawe, Wanyamwezi wawili waliingia kaburini wakajilaza, wakasema marehemu haingii mpaka wapewe kuku. Fikirini mwenyewe ndiye aliyetumwa kumkamata huyo kuku. Nassibu alikuwepo, alimwona akimkimbiza huku kanzu ameiuma kwa meno.

Fikirini akatazama pangaboi darini, akaliangalia linavyozunguka.

"Sijapata kuisikia, Memsahibu."

"Fikirini!" Nassibu akapiga kelele.

"Labda huko bara," Fikirini akaongeza, taratibu.

Mama akafunga faili. "Miaka saba mkalimani wangu hajanidanganya. Kesho saa sita majina yanapelekwa London kwa simu ya maandishi. Pole sana."

Nje, kwenye ngazi, Fikirini alimfuata, akawasha sigara.

"Ulijua," Nassibu akasema. "Jumatatu ile ile ulijua."

"Niliulizwa mzee amesema nini, nikasema alichosema. Neno kwa neno. Ukalimani ndio huo."

"Hukucheka hata kidogo?"

"Nilicheka. Njiani, wakati wa kurudi." Akapuliza moshi. "Kesho naweza kumwambia Memsahibu kuwa nimeuliza wazee, na desturi ipo. Ataniamini. Wewe utaandika karatasi ndogo tu, ya uwakili. Unampa sheikh ruhusa amwoze Sitara kwangu Ijumaa ijayo, wewe ukiwa huko kwenye baridi."

"Sitara hakutaki."

"Sheikh atamwuliza, yeye atanyamaza. Wanawali wote hunyamaza, na kunyamaza ni kukubali." Akaitupa sigara, akaikanyaga. "Saa nne, shemeji. Usichelewe."

Nassibu alizunguka mji siku nzima akitafuta shahidi. Mwalimu wake wa zamani yuko Lindi likizoni. Theophil, karani Mchaga aliyekaa naye bweni moja, aliacha chakula chake cha mchana akapanda ngazi zile kwenda kumshuhudia. Na Theophil ana watani wake Wapare wanaomtukana kila Jumapili akitoka kanisani, kwa hiyo alijua anachokisema.

Alishuka baada ya dakika kumi.

"Amenisikiliza vizuri sana," Theophil akasema. "Amenishukuru. Halafu akamwuliza Fikirini."

Alasiri Nassibu akafika nyumbani, Mtaa wa Mchikichi. Mzee Eliasi, hamali mstaafu wa bandarini, mabega bado kama ya ng'ombe wa mkokoteni, alikuwa barazani anang'oa uzi katika fulana yake.

"Mtumwa wangu huyo anarudi!" akanadi mtaa mzima usikie. "Umeiba nini leo? Nyie Wazaramo niliwakuta mmekaa chini mnangoja nazi ianguke, mpaka leo mnaingoja!"

"Kelele wewe!" Bi Kuruthumu akajibu kutoka ndani. "Ulikuja pwani na pembe ya tembo kichwani ukasahau njia ya kurudi!"

Nassibu akapanda barazani. Alikaa karibu na mzee, akamsomea barua, akaigeuza Kiswahili sentensi moja moja.

Mzee Eliasi aliuacha ule uzi.

"Waliandika?" akauliza.

"Waliandika."

"Yule kijana mwenye tai alikuwa anaandika mimi nikidhani anafurahi. Nikaongeza. Ile ya povu niliiongeza kwa ajili yake." Akasimama, magoti yakalia. "Nipeleke. Nitaapa kuwa nimesema uongo."

"Ukiapa kuwa ulisema uongo, Mzee, watasema shahidi wangu ni mwongo."

"Basi nipige."

"Mtani hapigwi."

"Nitukane!"

"Nikikutukana ni utani, Mzee. Utacheka."

Mzee hakucheka. Alikaa tena polepole, na tangu hapo mpaka jua lilipozama hakumtania mtu, hata muuza samaki wa Kizaramo aliyepita akisubiri kwa hamu.

Na Nassibu je? Mimi sitamsafisha. Alilala akisema hapana. Aliamka akisema hapana. Alikunywa chai, hapana. Saa tatu na nusu akalifungua lile bati ili awaage mbu wake, akaona wamepangwa safu kwa safu, na kila karatasi ndogo imeandikwa kwa mkono mmoja mzuri, herufi zimelala upande kama majani ya mpunga. Akalifunga. Saa nne kasorobo alikuwa kwenye ngazi za ofisi.

Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa. Ilibaki sahihi.

Fikirini aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaingia kwa bosi wake. Nassibu alimsikia kupitia mlango.

"Nimewauliza wazee, Memsahibu. Desturi ipo. Tena ni ya zamani sana."

Mama alitoka mwenyewe, uso umechangamka, akaichana barua ya kifafa mbele ya Nassibu.

"Inapendeza mno!" akasema. "Kutukanana bila kukasirika! Mtu angepaswa kuja huku kuifanyia utafiti."

Nassibu akamwambia asante.

Jumamosi nzima Bi Kuruthumu alipita nyumba kwa nyumba akitangaza. Sitara akapiga pasi mashati ya kaka yake, pasi ya makaa, akipuliza majivu kwa uangalifu. "Ukifika huko," akamwambia, "yule wa tarehe kumi na nne Mei mtazame vizuri. Mguu wake wa nyuma una weupe ambao wenzake hawana. Mwambie Profesa ni mimi niliyemwona."

"Nitamwambia."

"Uniandikie atakachosema."

"Nitakuandikia."

Habari ya karatasi hakuitaja. Alidhani ataondoka kabla hajalazimika kusema.

Jumapili baada ya adhuhuri akaingia shangazi yake Fikirini na sinia kichwani. Kanga doti mbili, udi, kichupa cha marashi. Akaliweka chini katikati ya ukumbi, akapiga kigelegele peke yake, maana hakuna aliyemsaidia.

"Za bibi harusi," akasema. "Ijumaa, inshallah. Kaka mtu ameshatia sahihi, Mungu ambariki."

Bi Kuruthumu akamtazama mwanawe. "Nassibu?"

Nassibu akatazama bati.

Sitara hakulia. Wanaomtaka alie wakasome gazeti jingine. Alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni kwa heshima zote, akarudi, akasimama mbele ya kaka yake.

"Umeniuza kwa mbu," akasema. "Tena wengine nimewakamata mwenyewe."

"Ni miezi mitatu tu, Sitara. Nikirudi nitakutoa."

"Sabaha alitolewa baada ya mwezi mmoja na nusu. Sikio limerudi?"

"Sikiliza..."

"Nasikiliza. Bado nasikia kwa yote mawili."

Jumatatu asubuhi. Sanduku liko barazani limefungwa kamba. Jiko la makaa linawaka uani, Bi Kuruthumu amebandika maji ya chai ambayo hakuna anayeyataka. Nassibu amevaa koti la Theophil, mikono mirefu kidogo. Anaingia chumbani kulichukua bati.

Bati halipo.

Akatoka mbio mpaka uani. Mzee Eliasi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, bati mapajani.

"Nimeteka," mzee akasema.

"Mzee, si leo. Gari linakuja."

"Mtani akiteka kitu, kuna siku anaambiwa leo hapana? Babu yako alimtekea babu yangu kofia siku ya arusi yake, akaingia kwa mke kichwa wazi." Hakuwa akitania, na hilo ndilo lililomtisha Nassibu. "Kitu alichokiteka mtani hakichukuliwi kwa nguvu. Kinakombolewa. Uliza kwa kitu gani."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa neno moja. Toka uende barazani, umwambie yule wa tai mbele ya mtaa kuwa uwakili wako umeuvunja. Halafu chukua mbu wako."

"Nikiuvunja safari hakuna! Atarudi kwa Memsahibu aseme alidanganywa na wazee!"

"Najua."

"Mzee, ni wewe uliyeniharibia! Wewe na povu lako!"

"Ni mimi," Mzee Eliasi akasema. "Ndiyo maana nimekaa hapa."

Honi ikalia mtaani. Mara moja, ndefu.

"Shemeji!" Sauti ya Fikirini ikapenya ukumbini. Ofisi ilikuwa imemtuma yeye na gari. "Shemeji, ndege haimngoji Mzaramo!"

Nassibu akamkabili mzee. Angeweza kulinyakua lile bati. Mzee ana miaka sabini na magoti mabovu. Akanyoosha mkono, ukafika nusu, ukasimama hapo hapo, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna mtu wa kwao aliyempokonya mtani alichokiteka, na mkono wake ulilijua hilo kabla yake.

Mkono mwingine ukapita chini ya wake.

Ulikuwa wa Sitara. Ametoka chumbani, kanga za sinia hakuzigusa, amevaa gauni lake lile la Jangwani lenye madoa ya tope. Akalishika bati. Mzee Eliasi akamtazama usoni, kisha akaliachia.

Nassibu akashusha pumzi. "Ahsante, dada. Nipe."

Sitara akachuchumaa kando ya jiko. Akafungua kifuniko. Harufu ya kafuri ikatapakaa uani.

"Wangu ni wangapi humu?" akauliza.

"Sitara, watu wananingoja."

"Ulihesabu wewe, si mimi. Wangu ni wangapi?"

"Mia mbili na tatu."

"Sawa. Wako sitawagusa."

Akaingiza vidole viwili, akachomoa pini ya kwanza kwa uangalifu ule ule aliokuwa akiutumia kuichomeka. Akaisogeza kwenye mwanga akasoma karatasi yake, kwa sauti, kama mwalimu anayesomea watoto imla.

"Jangwani. Tarehe tatu Aprili. Saa kumi na mbili na robo jioni."

Akamwangusha kwenye makaa. Kilisikika kijisauti kidogo sana, tss, na moshi usiojaa hata kijiko.

"Sitara!"

"Neno ni moja, kaka. Baraza iko pale." Akachomoa wa pili. "Jangwani. Tarehe tatu Aprili. Saa kumi na mbili na dakika ishirini."

Tss.

Bi Kuruthumu akajifunika mdomo kwa kanga. Mzee Eliasi amefumba macho. Nje honi ikalia tena, mara mbili, na viatu vya Fikirini vikaanza kusikika ukumbini, vinakuja uani polepole, vya mtu asiye na haraka kwa kuwa karatasi iko mfukoni mwake.

Nassibu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua litakalotoka ni lipi kati ya maneno mawili: nimeuvunja, au twende.

Sitara alikuwa ameshashika pini nyingine. Hii hakuisoma haraka. Aliigeuza kwenye mwanga, akaangalia mguu wa nyuma, ule wenye weupe.

"Tarehe kumi na nne Mei," akasema.

Na akaishikilia juu ya moto.